Deni la Sikitu

Kila nikipita kijiweni Tanga mjini na daftari langu kwapani, washikaji huniuliza riwaya imefika wapi. Nikiwajibu kwamba mwaka 2022 karibu wote nilikuwa Muheza nikilea ndama, wanacheka mpaka wanakohoa. Eti mwandishi gani huyo, wenzake wanaandika mapenzi na ujambazi, yeye anaandika maziwa! Sawa, nawaachia kicheko chao. Lakini wewe ndugu msomaji, unayehangaika usiku kucha kutafuta mhusika mwenye vita ndani ya nafsi yake, nakuambia ukamtazame ndama chotara. Baba yake wa kule, mama yake nusu wa kule nusu wa huku, na watu wanaomlea hawajakubaliana yeye ni wa wapi.

Mimi nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakaja ya kunirudisha nyumbani. Nikauza vocha, nikabeba mizigo, usiku nikaandika riwaya ambayo mpaka leo ina sura nne na mhusika mmoja aliyekwama ndani ya basi. Mwishoni mwa 2021 shangazi yangu akapiga simu. Mwanawe kapata kibarua Dar es Salaam na ng'ombe wake wawili hawana mtu wa kuwakatia majani. "Njoo tukae wote, baba," akasema. "Huko kuandika kwenyewe, hata bandani kunaandikika."

Nikaenda. Muheza ni mji wa machungwa na mkonge, watu wengi wa basi wanaufahamu kwa dirishani tu, ambako wanaletewa machungwa yaliyokwisha menywa. Nyuma ya barabara hiyo kuna maisha mengine. Ng'ombe hawatembezwi, wanafungiwa bandani na chakula kinawafuata: mabingobingo, pumba, mashudu ukibahatika. Saa kumi alfajiri unakamua, saa kumi na mbili mwenye baiskeli anapita na madumu yake. Ukichelewa, maziwa ni yako, kunywa mpaka uvimbe.

Ng'ombe wa shangazi mmoja aliitwa Neema, mwingine Sikitu. Neema alikuwa karibu Friziani mtupu, mwili mkubwa wa madoa meusi na meupe, mpole kama godoro. Sikitu alikuwa chotara wa nusu kwa nusu, baba Friziani, mama Borana. Alikuwa mwekundu wa kuiva, na nundu ndogo kama ngumi iliyofichwa chini ya ngozi. Neema alinunuliwa. Sikitu alikopwa.

Hapo kwenye kukopwa ndipo penye hadithi yenyewe. Kuna utaratibu ambao wafugaji wadogo wanaufahamu kwa jina la kopa ng'ombe, lipa ng'ombe. Unapewa mtamba mwenye mimba bila kutoa senti, na unalipa kwa kutoa ndama jike wa kwanza aende kwa mwenzako anayesubiri. Hakuna karani wa benki hapo, ila kuna macho ya jirani. Uzao wa kwanza wa Sikitu ulikuwa dume, na dume halilipi deni. Kwa hiyo mama mmoja wa kitongoji cha pili, mjane mwenye watoto wanne, alikuwa kasubiri zaidi ya miaka miwili. Alikwisha jenga banda. Alikuwa akipita kwetu siku za gulio, anasalimia, anauliza hali ya shangazi, halafu macho yake yanaelekea kwenye tumbo la Sikitu. Hakusema neno. Angesema ingekuwa nafuu.

Februari 2022 Sikitu akazaa jike. Watoto wa jirani wakamwita Deni, na jina likamganda.

Kabla sijasema yaliyofuata, inabidi nieleze kidogo habari ya koo za ng'ombe, maana nilipokuwa mjini nilidhani ng'ombe ni ng'ombe. Friziani ni wa Uholanzi na kaskazini ya Ujerumani. Kwa vizazi na vizazi wafugaji wa kule walimbakiza yule anayetoa maziwa bila ndama kuwapo, na yule anayegoma aliishia buchani. Ukifanya hivyo muda mrefu unapata mnyama ambaye sauti ya ndoo tu inamtosha. Borana anatoka kwa wafugaji wa kusini ya Ethiopia na kaskazini ya Kenya. Ana nundu, anavumilia jua, kiu na safari. Yeye kilichomchuja ni fisi. Mama asiyemjali mtoto wake kwenye nyika ile hakuacha uzao. Maziwa yake ni ya ndama kwanza, binadamu anaomba tu. Serikali ilipotaka ng'ombe wa maziwa anayeweza kuishi na joto letu na kupe wetu, mashamba ya kuzalisha mitamba, kama lile la Mabuki kule Mwanza na Ngerengere mkoani Morogoro, yakapandisha majike ya Borana kwa Friziani. Akapatikana chotara: maziwa zaidi ya mama yake, uvumilivu zaidi ya baba yake. Hivyo ndivyo inavyoandikwa kwenye vipeperushi. Kipeperushi hakisemi tabia zimegawanyikaje.

Neema alikuwa amezaa wiki tatu kabla. Alijifungua katikati ya banda, mbele za watu, akamlamba mtoto mara mbili tatu, kisha akageukia mashudu. Tulipomwondoa ndama hakuinua hata kichwa. Bwana mifugo, kijana aliyetoka chuoni juzijuzi, akanifundisha kumnywesha. Unatia vidole viwili mdomoni mwa ndama, anavinyonya, unashusha mkono taratibu ndani ya ndoo mpaka anavuta maziwa pamoja na vidole. Siku ya pili unavitoa. Yule ndama alijifunza kwa siku moja! Nikajiona daktari.

Sikitu alizaa usiku, kajibana kwenye kona ya nyuma ambako taa haifiki. Asubuhi tulimkuta amesimama mbele ya kona ile, pembe chini, anapumua kwa kelele. Ndama alikuwa amelala kimya kabisa nyuma yake, masikio yamelala, hata ukimgusa hatikisiki. Nilidhani kafa. Kumbe ndivyo walivyo. Mama anamficha mtoto majanini, mtoto anajifanya jiwe mpaka aitwe. Hapakuwa na majani, palikuwa na zege na mbao, lakini wote wawili walicheza sehemu zao kama vile fisi yuko mlangoni.

Bwana mifugo akaja, akapima kwa macho, akapiga hesabu. Sikitu nusu Friziani, mbegu ya chupa tuliyompandishia ni Friziani kamili, kwa hiyo ndama ni robo tatu. "Robo tatu huyu ni mzungu, mama. Mwache anyonye dang'a leo, kesho mtenge, mpe ndoo kama yule mwingine." Hakuwa mjinga, msomaji, naomba usinielewe vibaya. Habari ya dang'a aliisema sawasawa: yale maziwa mazito ya kwanza lazima yaingie tumboni ndani ya saa sita za mwanzo, maana ndama huzaliwa hana kinga, na baada ya siku moja utumbo unafunga mlango. Tatizo ni kwamba alichukua tabia akaipigia hesabu ya kilo.

Tukamtenga. Sikitu akalia usiku mzima. Si ule mlio wa kawaida, ni sauti ya chini, ya kooni, inakwenda na kurudi. Asubuhi nikakaa na ndoo yangu, nikaosha kiwele kwa maji ya moto, nikakamua. Nusu lita. Kiwele kimejaa, kigumu kama mpira mpya, na kinachotoka ni nusu lita na teke moja la paja. Jioni, kikombe. Upande wa pili Deni naye hataki ndoo. Vidole anavinyonya vizuri, nikishusha mkono kwenye maziwa anarusha kichwa juu, anatafuta kwenye magoti yangu, kwenye ukuta, kwenye nguzo, popote palipo juu, maana ziwa liko juu. Kutwa nzima alikunywa labda robo lita, nyingine aliipumua puani. Ndama wa kilo 28 anahitaji kama lita 3 kwa siku, sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Siku ya pili alikuwa hasimami vizuri.

Jirani mmoja akashauri tumlazimishe kwa chupa ya soda. Shangazi akakataa, alikwisha ona ndama aliyezamishwa hivyo, maziwa yakaingia mapafuni. Na hata yakienda tumboni, kuna jambo lingine. Ndama anaponyonya kwa hiari yake, mfereji fulani hujikunja tumboni na kuyapeleka maziwa moja kwa moja mahali pa kuyasaga. Akimiminiwa kwa nguvu, mfereji haujifungi vizuri, maziwa yanamwagikia kwenye tumbo kubwa yanachachuka, na kuhara kunafuata.

Usiku ule shangazi hakulala. Nilimsikia akihesabu kwa sauti, kama mtu anayesali. Ndama akifa, deni linabaki. Sikitu akigoma, maziwa yanakauka, na pumba za duka zilikuwa za mkopo. Yule mama atapita tena siku ya gulio.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja aliyekulia Handeni pamoja na wafugaji, sasa analinda shamba la machungwa. Alisimama mlangoni na fimbo yake, hakuingia. "Mwanangu," akamwambia shangazi, "huyo ng'ombe hakunyimi. Hana funguo. Funguo umemfungia chumba cha pili." Shangazi akaniambia nimfungulie Deni.

Sijui niielezeje dakika iliyofuata. Deni alitembea kwa kuyumba, akapiga kiwele kwa kichwa mara mbili, akashika chuchu. Sikitu akaacha kuhema. Akageuza shingo akamlamba mkia. Na zile chuchu tatu nyingine zikaanza kudondosha zenyewe, tone, tone, sakafuni, bila mtu kuzigusa.

Baadaye nilisoma kwa nini. Maziwa mengi hukaa kwenye vifuko vidogo sana ndani ya kiwele na hayashuki kwa kuvutwa tu. Ndama anaponyonya, ubongo wa mama hutoa homoni iitwayo oksitosini, nayo kwa dakika moja au mbili hukamua vile vifuko kwa ndani. Hofu hutoa homoni nyingine, adrenalini, inayoizuia ile ya kwanza. Friziani amezoea, mlio wa ndoo unamtosha. Tena ana nafasi kubwa chini ya kiwele ya kuhifadhi maziwa yaliyokwisha shuka. Ng'ombe wa nundu nafasi hiyo ni ndogo, na ufunguo wake mara nyingi ni ndama, harufu yake, sauti yake, mate yake. Chotara anaweza kuangukia upande wowote. Wako wa nusu kwa nusu wanaokamuliwa bila ndama wala tatizo, tena wawili wa mama mmoja wanaweza kutofautiana. Huwezi kujua kwa kutazama madoa.

Ng'ambo ya mfereji, mwezi uleule, jirani yetu alipoteza ndama kwa ndigana kali, ule ugonjwa unaoletwa na kupe wa masikioni ambao chotara haumudu kama ng'ombe wa kienyeji. Ng'ombe wake alikuwa ndugu wa Sikitu kwa damu, nusu kwa nusu, akitoa lita 7 kwa siku. Ndama kafa Jumanne, Alhamisi ng'ombe anatoa lita 1. Mzee wa Handeni akaitwa. Aliwaomba ngozi ya ndama, akaijaza majani makavu, akaishona kwa kamba ya mkonge, akaipaka maji ya chumvi. Kitu hakina miguu, hakina macho, kinafanana na mto wa kulalia uliooteshwa manyoya. Kikawekwa mbele ya ng'ombe. Akanusa. Akarudi nyuma. Akanusa tena, akaanza kulamba, akalamba mpaka macho yakawa nusu, na chini maziwa yakashuka.

Nusu ya mtaa walisema uchawi. Si uchawi. Mwingereza Evans-Pritchard, aliyeandika kitabu juu ya Wanuer wa Sudan mwaka 1940, alikuta nao wanafanya hivyohivyo, na wafugaji wengi duniani wana namna yao ya jambo hili. Mimi lakini sikuweza kutazama kwa raha. Mchana nilipita nikakuta ule mto umetundikwa ukutani, na ng'ombe kauelekezea uso. Siku kumi na moja ulifanya kazi. Kisha ukaanza kunuka, ng'ombe akauchoka, maziwa yakakauka.

Kwetu shangazi akapanga utaratibu wake. Alfajiri Deni anafunguliwa, ananyonya kidogo mpaka povu litokee pembeni mwa mdomo. Hapo namvuta kwa kamba, namfunga karibu na kichwa cha mama yake ili amlambe, nakamua haraka. Mwezi wa kwanza chuchu moja siigusi, ni yake. Nikimaliza anaachiwa nusu saa amalizie. Jioni vilevile. Kwa siku tulipata lita 5 za kuuza. Bwana mifugo alipokuja akasikitika, eti ndama anakula faida. Shangazi akamwambia, "Baba, kwa ndoo nilipata nusu lita na ndama maiti. Faida ipi?" Akacheka yule kijana, akaandika kwenye daftari lake, na nampa heshima kwa kuandika. Tena yale mabaki anayomalizia ndama ndiyo yenye mafuta mengi kuliko yote, na kiwele kinachomalizwa hakishikwi ovyo na ugonjwa wa kiwele. Deni alinenepa mpaka shingo ikaingia mabegani.

Sehemu iliyonisumbua ni ile ya kuvuta kamba. Ndama ameshapata ladha, mama ameshafungua, ndipo wewe unaingia kati. Mara mbili kwa siku, siku baada ya siku, unaazima mapenzi ya watu wawili unatia kwenye ndoo. Nimewahi kuona kitabuni picha ya jeneza la mawe la mwanamke wa Misri ya kale, Kawit, lililochongwa zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Mtu anakamua ng'ombe, ndama kafungwa kwenye mguu wa mbele wa mama yake, na chini ya jicho la ng'ombe fundi kachonga chozi. Basi nilipokuwa nikivuta kamba nilimkumbuka fundi yule. Alikuwa kakaa bandani, huyo, hakuhadithiwa.

Na ndama wa Neema je? Alikuwa dume. Alikunywa ndoo yake kwa dakika moja, kisha hamu ya kunyonya ikabaki bila kazi, akanyonya nguzo, kamba, shati langu, na sikio la Deni mpaka likatoka vipele. Ikabidi tuwatenganishe. Alipofikisha wiki sita shangazi akamuuza. Neema aliendelea kutafuna. Washikaji wanasema ng'ombe wa namna hiyo ndiye bora, hana usumbufu, na kwa mfuko ni kweli. Mimi nilimheshimu, ila kwenye daftari langu hayumo hata ukurasa mmoja.

Deni tulimwachisha ziwa akiwa na miezi minne, kidogo kidogo, kwanza mara moja kwa siku, kisha siku moja kwa siku mbili. Hata hivyo maziwa ya Sikitu yalishuka mpaka lita 2, na shangazi alilijua hilo kabla. Alikwisha weka akiba ya pumba. Chanjo ya ndigana aliilipia kwa fedha ya machungwa.

Desemba kamati ya kikundi ikaja kumkagua, wakamtazama kwato, macho, manyoya, wakaridhika. Yule mama wa kitongoji cha pili alikuja na kamba mpya na kitenge kipya. Wakasaini. Kabla hajapokea kamba akauliza swali moja tu. "Wifi, huyu alilelewa kwa ndoo au kwa ziwa?"

"Kwa ziwa," shangazi akasema. "Na mama yake bila ndama hatoi. Huyu akija kuzaa, usimtenge siku ya kwanza. Kaa umtazame kwanza ni wa upande gani."

Yule mama akaitikia, akavuta. Deni akakita miguu, hataki. Mle bandani Sikitu akatoa ile sauti yake ya kooni, mara moja. Tukavuta watatu, wapi! Mwisho yule mama akatupa kamba begani, akampa Deni vidole viwili mdomoni. Mtamba mzima wa miezi kumi akavishika akavinyonya, na wakashuka hivyo hivyo kuelekea barabarani, mama anatembea kinyumenyume, huku sisi kamati nzima tukiwafuata na makaratasi.